Sita za Hakimu, Tatu za Ulimi Wangu

Kumfundisha mtu kushusha fimbo ya gofu ni kumkumbusha kitu alichowahi kupiga. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na kwa kanuni hiyo nimefundisha miaka ishirini na sita. Walimu wengine humjaza mwanafunzi maneno: nyonga ianze, bega lisubiri, kiwiko kikae karibu na mbavu. Mwanafunzi anasimama mbele ya mpira kama mtu anayesomewa mashtaka, na akipiga, mpira unaruka kama chura aliyekanyagwa mkia ambao hana. Mwili hausomi. Mwili unakumbuka.

Kwa hiyo mimi huuliza, "Umewahi kupiga nini?"

Fundi lipu mmoja aliniambia hajawahi kupiga kitu wala mtu, yeye ni mcha Mungu. Nikamuuliza kazini anafanyaje. Akasema anatupia lipu ukutani kwa mwiko. Nikamwambia anionyeshe bila mwiko, bila lipu. Mkono ulishuka, kifundo kikachelewa nyuma, na mwisho kabisa kiganja kikarusha. "Hiyo hiyo," nikamwambia. "Mpira ni lipu. Ukuta uko kule kwenye miti." Asubuhi ile ile alipiga mita mia na arobaini, akakaa chini akacheka peke yake.

Daktari wa meno, mama mmoja asiyeishiwa maneno, yeye alikumbuka ndoo ya maji machafu aliyokuwa akiimwaga uani tangu utotoni.

"Mwalimu, nimmwagie nani?"

"Mmwagie mume wako."

"Huyo ndoo moja haimtoshi."

Lakini alipiga, na mpira ulikwenda.

Kizimba changu kilikuwa cha mwisho kwenye uwanja wa mazoezi, karibu na ukuta. Nilikuwa na mkeka wa nyasi za plastiki, viti viwili, na gunia la turubai nililolijaza matambara hadi likasimama lenyewe kama mtu mnene. Mwanafunzi hulipiga gunia ili ajue pigo linatua wapi. Mimi hupiga magoti upande wa pili nikiliegemea, na pigo lake nalisikia kifuani mwangu. Kosa la mtu nalijua kabla sijamtazama.

Na kama gunia limeshindwa, ipo dawa ya mwisho. Naigeuza fimbo. Mtu anaishika upande wa kichwa, kwa mkono mmoja, anaichapa hewa kwa upande wa mshikio, na fimbo inapiga filimbi. Filimbi ikilia juu, usawa wa bega, nguvu imekwisha kabla ya kufika kwenye mpira. Ikilia chini, mbele ya vidole vya miguu, umefika. Watu huniuliza dawa hiyo niliitoa wapi. Huwajibu kwamba alinifundisha bwana mmoja zamani, na huwa sisemi uongo.

Nilikuwa na miaka ishirini, nafanya kazi kiwanda cha mbao. Msimamizi wetu alikuwa na mkono mwepesi. Siku hiyo alinizaba kofi la kwanza asubuhi kwa sababu ya msumari uliopinda. La pili alinizaba mchana, mbele ya wenzangu, na wenzangu wakacheka. Nilichukua ubao wa mbili kwa nne nikampiga usoni. Mfupa wa shavu ulilia kama sahani inayovunjwa ndani ya taulo. Alianguka kwenye maranda, na maranda yakawa mekundu, na jicho lake la kushoto halikuona tena. Sijivunii jambo hilo wala sitalificha. Nilimtoa mtu jicho kwa makofi mawili. Hakimu akanipa miaka miwili na fimbo sita.

Fimbo hazikupigwa na askari wa gereza letu. Palikuwa na mtu wa kuzunguka magereza, aliyekuja Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi na fimbo zake za henzirani ndani ya bomba, zimelowekwa maji. Uso wake hatukuuona. Unaingizwa chumbani shingo imeshikwa chini, unafungwa juu ya benchi, suruali magotini, na kuanzia hapo dunia yako ni sakafu na viatu. Wafungwa walimwita Rula. Mtu mwingine akikupiga fimbo sita unapata alama sita. Rula alikupa alama moja. Fimbo ya pili iliingia ndani ya jeraha la kwanza, ya tatu ndani ya la pili, na alijivunia hilo kama mshonaji anavyojivunia mshono.

Palikuwa na utaratibu. Kila fimbo unaihesabu kwa sauti, halafu unasema, "Asante, afande." Usiposema, fimbo haihesabiwi.

Nilivisikia viatu vikipanga hatua. Kisigino cha kushoto kikagonga sakafu mara mbili, ko, ko. Akavuta pumzi kwa pua. Nikasubiri maumivu, hayakuja. Kilikuja kimya, kirefu kuliko inavyostahili, na ndani ya kimya hicho nilisikia suruali yake ikisuguana nyongani. Nyonga ilitangulia. Henzirani ilikuwa bado huko nyuma. Kisha filimbi fupi, chini kabisa, karibu na ngozi yangu.

Nimesoma vitabu kadhaa maishani, vingi kati ya hivyo katika masomo ya jioni ya watu wazima, na sijaona mwandishi aliyelieleza pigo hilo sawasawa. Halichomi. Linang'oa. Ni kama mtu ameingiza mkono ndani yako akavuta kitu ambacho hukujua kwamba kimeshikamana.

"Moja," nikasema.

"Moja na nini?" Sauti ilikuwa ya upole.

"Moja."

"Hiyo haihesabiwi."

Ko, ko. Pumzi. Kimya. Filimbi.

"Moja," nikasema tena, na meno yangu yakauma mbao ya benchi.

"Haihesabiwi."

Ya tatu ilipasua ngozi. Nilihisi ujoto ukiteremka pajani. Nikasema moja. Haikuhesabiwa. Ya nne ilipoingia ndani ya mpasuko ule ule, sikusema mimi, ilisema nyama. "Moja, asante, afande." Zikafuata tano nyingine, na kila moja niliishukuru, haraka, bila kukumbushwa, kama mtoto mwema anayepewa peremende. Jumla tisa. Sita za hakimu, tatu za ulimi wangu.

Jeraha lilipona kwa wiki saba. Neno halikupona. Nililala juu ya tumbo gerezani, na kinywa kile kile kilichoshukuru nilikula nacho, niliomba nacho. Niliapa kwamba nikimpata mtu yule, nitalichukua neno langu. Nitalichukuaje, sikujua. Siku nyingine niliwaza kumvunja mkono. Siku nyingine niliwaza kumfanya anishukuru yeye, kwa namna ile ile.

Nilipotoka nilipata kazi ya kuokota mipira kwenye uwanja wa gofu. Mwezi wa pili, nikiwa nimeinama na kapu langu, nyuma yangu mchezaji mmoja mkubwa alipiga, na nikasikia filimbi, fupi, chini kabisa. Matako yangu yalikaza nikaangusha kapu lote. Watu walicheka. Mimi nilisimama nikamtazama yule mtu akipiga mpira baada ya mpira, na nikatambua kwamba ninachokiona nakijua kwa masikio. Jioni niliomba fimbo kuukuu. Nilifumba macho, nikajilaza kwa mawazo juu ya benchi, nikasikiliza viatu. Ko, ko. Pumzi. Nyonga. Kimya. Nikaacha mikono ije yenyewe.

Mpira wa kwanza niliopiga maishani ulivuka wavu wa mwisho.

Kuanzia hapo ndivyo nilivyopiga siku zote, na ndivyo nilivyofundisha. Wake kwa waume wamejifunza kwangu mdundo ule, na hakuna hata mmoja aliyejua unatoka wapi. Hata mke wangu, anayeujua mstari ule kwa vidole vyake, alijua habari za zile fimbo tu. Habari za neno hakuzijua.

Mzee mmoja alikuja kizimbani kwangu mwanzoni mwa mwezi wa tano. Miaka yake ilikuwa sabini na kidogo, amenyooka, mashati yake yamepigwa pasi hadi kola inaweza kukata mkate. Alisema alikuwa mtunza stoo serikalini, amestaafu. Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa ameolewa kwa watu wanaocheza gofu, na walikuwa wamemkaribisha uwanjani. Mbele ya wakwe alipiga mara tatu, mara tatu akaukosa mpira.

"Baba mkwe wa binti yangu akasema, 'Mwacheni mzee, anaua mbu.' Wote wakacheka. Binti yangu naye akacheka, halafu akaona aibu kwamba amecheka. Mwalimu, mimi sitaki kuwa bingwa. Nataka mpira mmoja. Mwisho wa mwezi tunaalikwa tena. Mmoja tu, wauone."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Nilimwambia aje Jumanne na Alhamisi, asubuhi.

Kosa lake lilikuwa la kawaida kwa kuliona na la ajabu kwa kulitibu. Alipandisha fimbo vizuri. Kisha pale juu, mahali ambapo mwili unapaswa kuanza kushuka, kitu ndani yake kilishtuka kikakamata. Bega lilirukia mbele, mikono ikasukuma, na mpira ukachepuka kulia. Alikuwa kama gari linalokanyagwa moto na breki kwa pamoja.

"Umewahi kupiga nini, mzee?"

"Mimi? Hata mbwa sijapiga."

Nilimpa jiwe la kurusha juu ya maji. Nilimpa kamba ya kengele ivutwe kutoka juu. Nilimpa lipu ya fundi na ndoo ya daktari wa meno, na shoka, na mlango unaogongwa kwa nyonga mikono ikiwa imejaa. Alisikiliza kila picha kwa adabu, akafumba macho nilipomwambia afumbe, na pale juu akakamata. Kila baada ya mpira, hata ule ulioparaza ukuta, alisema, "Asante, mwalimu." Sijui kwa nini iliniudhi. Nilimwambia hakuna haja ya kushukuru kila mpira. Akasema, "Asante, mwalimu, nimekuelewa."

Nyumbani nililalamika. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Huyo mzee wako anaficha kitu," akasema bila kutoa pini.

"Afiche nini, mtu wa stoo?"

"Mwanamume wa miaka sabini hajapiga hata mbwa? Mume wangu, hata wewe unayewaumiza watu kwa maneno tu, ushapiga jogoo wa jirani kwa kandambili. Nilikuona."

Wiki ya tatu, Alhamisi, nilikuwa nimechoka naye na nimechoka nafsi yangu, kwa maana sijawahi kumrudisha mwanafunzi. Daktari wa meno alikuwa kizimba cha pili akimwaga ndoo zake. Nikaitoa fimbo namba saba, nikaigeuza, nikamkabidhi mzee upande wa kichwa.

"Leo hakuna mpira. Chapa hewa. Sikiliza inapolia. Mkono mmoja."

Nikaenda nyuma ya gunia, nikapiga magoti kama desturi yangu ili nitazame miguu yake.

Mzee aliitazama fimbo kwa muda. Aliipitishia kidole gumba toka mwanzo hadi mwisho. Akaikunja kidogo, akaiacha ijinyooshe, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana njiani na mtu wa zamani. Kile kilichokuwa kikimshika kilimwachia. Nilikiona kikitoka mabegani. Kisigino chake cha kushoto kikanyanyuka.

Ko, ko.

Akavuta pumzi kwa pua. Kikaja kimya. Nyonga ikatangulia, suruali ikasuguana, na filimbi ikalia fupi, chini kabisa, na ncha ikagusa gunia upande wa pili wa kifua changu.

"Moja, asante, afande," nikasema.

Ulimi ulisema wenyewe. Nilikuwa juu ya magoti yangu, matako yamekaza, mikono imelikumbatia gunia, na mimi ni mtu wa miaka hamsini na minane mwenye wajukuu.

Mzee aligeuka taratibu. Hakushtuka. Alinitazama kama fundi anavyoutazama ukuta akijaribu kukumbuka kama aliujenga yeye.

"Ulikuwa gereza gani?"

Nikamtajia. Akaniuliza mwaka, nikamtajia.

"Ngapi?"

"Sita. Ulinipiga tisa."

"Tisa." Akafikiri. "Mbishi, basi. Wabishi walikuwa wachache sana. Ulipona vizuri? Mstari mmoja?"

"Mmoja."

"Unaona!" Uso wake uling'aa. "Wenzangu walikuwa wanachana watu ovyo, mgongoni, kwenye figo, kijana anakojoa damu mwezi mzima. Mimi hata mara moja. Miaka kumi na tisa." Kisha akashusha sauti. "Binti yangu hajui. Anajua stoo. Hata mama yake, Mungu amrehemu, alikufa anajua stoo. Ndiyo maana mkono ulikuwa unakataa, mwalimu. Nilikuwa nauogopa. Niwekee mpira, tafadhali. Niwekee kabla haijanipotea."

Nilimwekea mpira. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu ni lile lile: mimi ni mwalimu, na mwanafunzi wangu alikuwa amepata.

Akaigeuza fimbo, akashika kwa mikono miwili. Ko, ko. Mpira uliondoka na sauti ile ambayo wachezaji huitafuta miaka na miaka, ukapanda bila kuyumba, ukaenda ukaangukia kwenye miti ya mwisho.

Daktari wa meno alipiga makofi. "Mzee! Leo umemmwagia nani?"

Mzee akacheka. Machozi yalimlenga. "Asante, mwalimu," akasema, akanirudishia fimbo, na mkono wake wa kulia akauegemeza juu ya gunia apumzike.

Nilisimama na fimbo mkononi.

"Hiyo asante," nikasema. "Kule. Kwa nini mlitaka tuiseme?"

"Namba ilikuwa amri ya daktari. Mtu akihesabu unajua hajazimia. Akizimia unasimama."

"Na asante?"

"Aa, asante ilikuwa yangu."

"Haikuwa kwenye kanuni?"

"Kanuni zinaandikwa na watu wa ofisini, wanajua nini wale? Kijana analetwa pale na moto kifuani. Ukimpiga tu, unamrudisha na moto ule ule, kesho anaua mtu. Akishukuru, moto unazimika. Niligundua mwenyewe, mwalimu. Hakuna aliyenifundisha. Wanasema asiyefunzwa na mamaye..."

"Mama yangu mwache alipo."

"Sina ubaya. Nasema tazama: si umekuwa mtu? Una kazi, una jina, wakubwa wanakuja wanakuinamia hapa. Na leo umeisema bila kuguswa." Alipigapiga gunia kwa kiganja, kwa upole, kama anayempigapiga mtoto mgongoni. "Ilikaa, ile. Ilikaa vizuri."

Miaka thelathini na sita nilipiga kwa kusikiliza viatu vya mtu mwingine. Safari hii sikusikia viatu. Hapakuwa na benchi, hapakuwa na sakafu. Fimbo ilipanda, na kabla haijafika juu nyonga yangu ilikuwa imeondoka, bega limesubiri, mikono imeshuka kama ndoo kisimani, na kile kichwa cha chuma kikaja mwisho wa vyote, kikaupata mkono wake wa kulia kati ya kifundo na kiwiko.

Mifupa yote miwili ilikatika kwa sauti moja. Mkono ulipata kiwiko cha pili. Ncha nyeupe ilichungulia kwenye ngozi, na damu ikafuata baadaye kidogo, kana kwamba nayo ilishangaa. Mzee alianguka juu ya magoti, akafungua mdomo. Kisha alinguruma, chini kwa chini, kama mashine inayokataa kuwaka.

"Hesabu," nikasema.

Alinyanyua uso. Ulikuwa wa rangi ya majivu, jasho linadondoka puani. Alielewa mara moja. Hakuna mtu duniani ambaye angeelewa haraka kuliko yeye.

"Moja," akasema.

"Moja na nini?"

Akanitazama. Akafunga macho, akafungua.

"Moja."

"Hiyo haihesabiwi."

Nikampiga pajani. Hakuwa na cha kujikinga, mkono mmoja ulikuwa umeushika mwingine. Alipinduka ubavu, shavu likagonga mkeka, na akatapika kidogo kwenye nyasi za plastiki. Nikasubiri. Nilimsubiri kwa upole, na upole huo niliutambua.

"Moja," akasema akiwa kwenye matapishi yake.

Fimbo ilikuwa juu tena. Nilimtazama mdomo. Ulikuwa umekazwa namna ambayo mdomo wangu ulikazwa juu ya mbao ya benchi, na nilijua, kama fundi anavyojua msumari, kwamba neno linatoka. Pigo moja zaidi, au mawili. Litatoka, na atakayelitoa si yeye, ni nyama. Nitalichukua nyumbani neno la nyama, niliweke kando ya lile langu, na yote mawili hayatakuwa yamesemwa na mtu.

Sikupata nafasi ya kuishusha fimbo wala kuiweka chini. Kitu kilinipata kwenye mbavu za kushoto, pumzi ikaniisha, nikaenda chini kama gunia lenyewe. Daktari wa meno alikuwa amesimama juu yangu na fimbo yake namba tano.

"Umerukwa na akili?" alipiga kelele. "Mzee wa watu! Mwalimu! Ukinyanyuka nakuongeza!"

Sikunyanyuka. Mbavu mbili zilikuwa zimekwenda. Lilikuwa pigo safi, limetoka nyongani, na kwa aibu yangu jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ameacha kabisa lile kosa la bega.

Akapiga magoti kando ya mzee. Aliunyoosha mkono kwa fimbo mbili fupi na kuufunga kwa taulo, na mzee alipiga ukelele mmoja tu, wakati mfupa uliporudi ndani. Watu walikuwa wamejaa. Meneja wa uwanja alikuja anakimbia, tai begani.

"Kuna nini? Mwalimu, kuna nini hapa?"

"Nimeanguka," akasema mzee.

Wote tulimtazama.

"Nimeteleza kwenye mkeka nikaangukia mkono. Mifupa ya uzee." Alizungumza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mwalimu alikuwa ananisaidia. Naye ameteleza."

Daktari wa meno alifungua mdomo. Alinitazama pale chini, akautazama mkono, akanitazama tena, na akaufunga. Ni mwanamke mwenye huruma, na alikuwa anamjua mke wangu. Mke wangu alikuwa amemshonea magauni mawili. Meneja alishusha pumzi ndefu.

"Ajali, basi. Namshukuru Mungu ni ajali. Mwalimu, ni ajali?"

Mzee alikuwa ananitazama. Sikuona chuki usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha. Aliona kazi yangu, nyumba yangu, wajukuu zangu, vyote vimelala juu ya mkeka ule, naye ameviokota kwa mkono uliobaki ananikabidhi. Labda alikuwa anailinda stoo yake pia, ili binti asijue. Lakini alikuwa amenipa. Nilichotakiwa kufanya ni kupokea, na mtu akipokea, hata asiposema kitu, kinywa chake ndani kinasema asante. Alikuwa anaisubiri. Macho yake yalitulia kama ya mtu aliyezoea kusubiri.

"Hakuanguka," nikasema. "Nimempiga mimi. Mara mbili, kwa kukusudia. Pigeni simu polisi."

"Mwalimu, fikiri unachosema," meneja akaninong'oneza.

"Nimefikiri miaka thelathini na minane."

"Mwalimu," mzee akasema, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. Upole ulikuwa umeisha. "Mwalimu, nakuomba. Wataniuliza kwa nini. Binti yangu atakuja hospitali. Atauliza kwa nini."

"Watauliza," nikasema. "Na mimi nitajibu."

"Sema nimeanguka. Mwanangu, sema tu nimeanguka. Nakuomba kwa Mungu."

Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuguswa. Niliisikia yote. Daktari wa meno alimshika bega akimwambia atulie, asitikise mkono.

Nilishika ukuta nikanyanyuka, mbavu zikanikata pumzi. Nilivua glavu, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Kisha nilivuta kiti kimoja, nikaketi mahali ambapo askari wakija wataniona mtu wa kwanza.